Kalamu ya risasi haina risasi, rangi ya darasa je?

Juzi kati nilimsindikiza shemeji yangu kwenda kununua rangi. Yeye ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali huku mkoani Tanzania, na mkononi alikuwa na BOQ, ile orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi, ambayo imetolewa kopi ya kopi ya kopi mpaka herufi zimefifia, pamoja na profoma tatu, yaani karatasi za bei, za maduka matatu kama utaratibu unavyotaka. Duka lenye profoma ya chini ndo tulilokwenda. Muuzaji akatushushia makopo, moja la njano kali ile ya kung'aa kwa ajili ya bembea na mlango wa darasa la awali, na mengine ya bluu ya kuchapa nusu ya chini ya ukuta. Nikalichukua lile la njano nikaanza kulisoma huku na huku. Inakauka haraka, inang'aa, lita 4, weka mbali na moto. Basi. Nikamuuliza, "Kaka, hii ina risasi?" Akaangua kicheko. "Risasi tena bosi, kwani mnaenda vitani?"

Shemeji naye akacheka, na mimi nikacheka, maana kwa kweli ukilisikia swali lenyewe ni la kuchekesha. Kwa Kiswahili neno risasi limebeba mizigo mingi, ni ya bunduki, ni madini (lead kwa Kiingereza), na tangu tukiwa wadogo tumeambiwa penseli ni kalamu ya risasi wakati ndani yake hamna hata chembe ya risasi, ni grafaiti na udongo wa mfinyanzi tu. Yaani kile ambacho mtoto anatafuna kila siku na tunakiita risasi hakina risasi, ila rangi iliyo kwenye mlango anaoushika kila asubuhi inaweza kuwa nayo na hakuna anayeiita kwa jina hilo.

Ngoja nieleze kwa kifupi kwa ambao hawajawahi kukutana na hili jambo. Rangi ya maji, ile ya kuchanganya na maji, mara nyingi haina shida hii. Shida ipo kwenye rangi ya mafuta. Kuna pigmenti ya njano inayotokana na risasi na kromiamu, inang'aa vizuri, inafunika vizuri, haipauki upesi juani, na bei yake ni nafuu, kwa hiyo watengenezaji wamekuwa wakiipenda kwa njano, kwa rangi ya chungwa, kwa baadhi ya nyekundu, na hata kijani maana kijani unakipata kwa kuchanganya njano na bluu. Halafu kuna zile dawa za kufanya rangi ikauke haraka, nazo baadhi zinatumia risasi. Rangi ikishakaa ukutani miaka kadhaa inaanza kubanduka, inakuwa vumbi, vumbi linakaa sakafuni na kwenye madawati, mtoto anagusa, mtoto anakula embe. Ndo njia yenyewe hiyo, wala haihitaji mtoto alambe ukuta.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo unafyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa risasi ileile iliyoingia tumboni. Mwili unaichukulia kama kalsiamu, unaipeleka kwenye mifupa na meno, na ubongo unaokua unaharibika pole pole bila homa bila kutapika, mtoto anakuwa mzito tu wa kushika masomo na hawezi kutulia. Uharibifu ule haurudi nyuma. Sasa fikiria mwalimu anamchapa mtoto kwa kutosikiliza, ndani ya darasa ambalo lenyewe ndilo linamfanya asisikilize... nisiende mbali huko.

Kipimo ambacho Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la mazingira wanapendekeza nchi ziweke kwenye sheria ni risasi isizidi ppm 90, maana yake sehemu 90 kwa kila milioni, sawa na miligramu 90 ndani ya kilo moja ya rangi iliyokauka. Vipimo ambavyo asasi za kiraia ziliwahi kufanya kwenye rangi za madukani katika nchi zetu hizi viliwahi kukuta makopo yanayovuka ppm 10,000, hiyo ni gramu 10 kwenye kilo. Na makopo yale yalinunuliwa dukani kama hili la kwetu, mchana kweupe, na risiti.

Sasa hapa ndo ninapotaka kubishana na watu. Kila likija suala la kemikali hatari kwenye bidhaa, jibu la kwanza la wengi ni mbili: ama "serikali ipige marufuku" ama "wananchi waelimishwe". Sipingi yote mawili. Ila marufuku kwetu ina tabia ya kuishia kwenye gazeti la serikali, maana wakaguzi ni wachache, viwanda vidogo vya uchochoroni ni vingi, na mipaka ni mirefu. Na mwananchi umwelimishe nini, wakati risasi haina harufu wala haionekani na kopo halisemi? Mimi hapa nimesoma mambo haya miaka, nikasimama mbele ya kopo nikashindwa kujua. Wenye magari enzi za petroli ya risasi hawakuwa wakichagua pale sheli, ilichukua serikali za Afrika kukubaliana Dakar mwaka 2001 kwamba wataachana nayo, na ilipofika Januari 2006 karibu nchi zote za kusini mwa Sahara oda zilikuwa zimebadilika, pampu zikabadilika, na dereva wa daladala hakuwahi hata kujua kuna kitu kimetokea.

Kuna mkono wa tatu ambao hatuutaji, nao ni mkono wa mnunuzi. Serikali yenyewe ndo mteja mkubwa kuliko wote sokoni. Viongozi wetu wa Tanzania wenyewe wamekuwa wakitaja kwamba karibu asilimia 70 ya bajeti inapita kwenye manunuzi. Mteja wa namna hiyo hahitaji kubembeleza mtu, anaandika anachotaka kwenye karatasi ya tenda na asiyekuwa nacho harudi.

Chukua mwaka 2021. Serikali ilipata ule mkopo wa IMF wa mambo ya UVIKO, trilioni 1.3, na sehemu yake ikaenda kwenye madarasa 15,000, elfu kumi na mbili ya sekondari na elfu tatu ya shule shikizi, zile ndogo za vijijini zilizo chini ya shule mama, milioni 20 kila moja, na yote yalitakiwa kukamilika ndani ya miezi michache ili kidato cha kwanza cha Januari 2022 kiingie. Mnakumbuka ilivyokuwa, saruji ilipanda bei, mafundi walipatikana kwa kugombaniwa, wakuu wa wilaya wanalala saiti. Madarasa elfu kumi na tano yote yanahitaji rangi ndani ya muda mmoja! Sijui kama kuna mteja mwingine nchi hii aliyewahi kununua rangi kwa kasi ile. Sisemi rangi ile ilikuwa na risasi, sina kipimo mkononi, ila nasema ule ndo ulikuwa wakati ambao sentensi moja kwenye karatasi ingeweza kuongea na kila kiwanda cha rangi kwa lugha ambayo viwanda vinaielewa.

Na hapa lazima tuelewe manunuzi yanafanyika wapi hasa, maana watu wakisikia "manunuzi ya umma" wanawaza ukumbi wenye kiyoyozi Dodoma na mabahasha. Madarasa yetu mengi yanajengwa kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, hela inaingia akaunti ya shule, kamati ya ujenzi ya wazazi na walimu inakaa chini ya mwembe, wanatafuta profoma, wananunua duka la mjini. Mnunuzi wa serikali ni shemeji yangu. Hajui kemia na hatakiwi kuijua. Anachokijua ni kwamba mkaguzi akija atashika BOQ mkono mmoja na risiti mkono mwingine, na vikipishana yeye ndo atahojiwa. Kwa hiyo ukiweka sera nzuri ya kijani, yaani ya kutunza mazingira, kurasa 80, ikazinduliwa kwa hotuba na picha, na haijashuka mpaka kwenye ule mstari wa BOQ unaosema rangi ya mafuta makoti matatu, umepoteza muda wa kila mtu. Kinyume chake, ramani na BOQ za madarasa zinatoka sehemu moja, TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, zinashuka kwenye halmashauri zote zikiwa zilezile. Ukiongeza pale juu maneno "isiyozidi ppm 90 za risasi, kwa cheti cha maabara cha toleo husika", toleo likiwa mzigo mmoja uliotengenezwa pamoja kiwandani, maneno hayo yanafika mpaka wilaya za pembeni kama Kakonko na Nanyumbu bila semina hata moja. Na sasa hivi kwa kuwa zabuni zinapita kwenye mfumo wa NeST, ule wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kubadilisha fomu moja ni kubadilisha fomu za wote.

Wengi wanaamini sheria inamlazimisha mnunuzi achukue bei ya chini, basi, hakuna ujanja. Sio hivyo. Bei inashindanishwa kati ya waliokidhi vigezo, asiyekidhi anatolewa kabla bei yake haijatazamwa. Hakuna anayeleta saruji ya bei poa iliyoganda akasema mimi ndo wa chini nipeni tenda. Vita yote ipo kwenye vigezo, kwenye bei umeshachelewa. Afisa ugavi yeyote mzoefu anajua hili na ndo maana wanaotaka kula nao wanajua hili, wanachora vigezo vya kumlenga mtu wao. Hiyo hatari ipo na siifichi: leo utaandika "rangi isiyo na risasi", kesho mjanja ataandika "rangi isiyo na risasi ya kampuni fulani". Dawa yake ni kuandika matokeo unayotaka, namba ya ppm na namna ya kupima, na kumwachia kila kiwanda kitafute njia yake ya kufika pale.

Vigezo vina nguvu kuliko tunavyodhani, na vinaweza kufanya kazi kwa upande mbaya pia. Marekani mwaka 1939 mtu mmoja anaitwa Frank Cyr aliitisha mkutano Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakaja watu wa majimbo yote 48 ya wakati ule, wakakubaliana viwango vya mabasi ya shule, kimojawapo rangi. Wakachagua njano ile mnayoiona kwenye sinema. Jina rasmi la rangi ile lilikuwa na neno "Chrome" ndani yake, National School Bus Chrome, kwa sababu pigmenti yake ilikuwa ileile ya risasi na kromiamu. Kwa hiyo kikao kimoja cha wanunuzi wa shule kilieneza rangi ya risasi kwenye mabasi ya watoto nchi nzima kwa miongo, bila mtu kuwa na nia mbaya, walitaka tu basi lionekane alfajiri. Baadaye risasi ilipoondolewa jina nalo likabadilishwa, neno Chrome likatoka, njano ikabaki njano. Leo Kenya sheria inataka mabasi ya shule yawe ya njano, na kwetu Bongo mengi ni ya njano, mtoto anaona tu basi la shule.

Nchi ambayo mimi naiona imetufaa zaidi kama mfano ni Ufilipino, sio Ulaya. Ukimtajia mtu wa wizara Sweden atakwambia "wale wana hela". Ufilipino hawana hela hivyo, wana visiwa zaidi ya 7,000, wana rushwa yao, wana shule zilizojaa. Mwaka 2013 walitoa amri ya kuzuia risasi kwenye rangi, kiwango ppm 90, wakawapa wenye rangi za majumbani mpaka mwisho wa 2016 na wenye rangi za viwandani mpaka mwisho wa 2019. Nzuri, ila ni marufuku kama za wengine. Kilichonivutia ni kilichofuata, mwaka 2017 wizara yao ya elimu ikatoa agizo lake yenyewe kwamba shule zitumie rangi salama tu, zilizothibitishwa. Yaani mteja naye akasema, nimesikia kiwanda kimekatazwa, ila na mimi mlangoni kwangu haiingii. Na wale wana utaratibu wao kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa, wazazi na wafanyabiashara wanakwenda kusafisha shule na kupaka rangi kwa kujitolea, wengine wanaleta makopo kama msaada. Agizo liligusa na hao. Hapo mimi nilisimama kidogo, maana kwetu nani anathubutu kumkagua mfadhili? Mbunge kaleta ndoo kumi za rangi, benki imekuja na fulana na mpiga picha, utamwambia asante ila tunaomba cheti cha maabara? Nani huyo.

Hiyohiyo Ufilipino, mwaka 2008 wizara ya afya ilizipa hospitali miaka miwili kuachana na zebaki. Kule mgonjwa akilazwa alikuwa anapewa kifurushi chenye kipimajoto cha zebaki ndani, akitoka anaondoka nacho, kitu cha kwanza kilichokatazwa ni hicho. Kipimajoto kimoja kina kama gramu moja ya zebaki, lakini mashine ya presha ya ukutani ile ya kioo kirefu ina gramu mia na zaidi, ikidondoka wodini ni balaa, na aliyeagizwa kufuta ni mhudumu wa usafi na dekio. Mkataba wa Minamata, ambao umebeba jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na watu wakaanza kugundulika wanaugua mwaka 1956, ulikuja kuweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kusafirisha vifaa hivyo. Hapa ndo unaona tofauti, hospitali zilizoanza kununua vya dijitali mapema zilifika 2020 zimeshazoea betri na kukagua usahihi wake kila baada ya muda, zilizosubiri mkataba zilijikuta zinajifunza kila kitu kwa haraka. Kwa wanunuzi wakubwa kama Bohari ya Dawa kwetu na KEMSA, mnunuzi wa dawa na vifaa tiba vya serikali kwa Wakenya, mstari mmoja kwenye orodha ya vifaa unafika mpaka zahanati ya mwisho.

Kuna hata kemikali ambazo mwananchi hanunui kabisa, serikali ndo mteja pekee. Sumu inayonyunyiziwa kwelea kwelea, wale ndege waharibifu wa nafaka, kutoka kwenye eropleni, fenthioni, mkulima wa mpunga wa Mbarali haendi kuinunua dukani. Inaua kwelea na inaua pia bundi na mwewe wanaokula mizoga, na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam walikubali iingie kwenye orodha ya zile ambazo nchi lazima iulizwe kwanza kabla hazijaletwa. Kondoa watu wanawakamata kwelea kwa nyavu wanawala, kitoweo kizuri tu. Sijidanganyi kwamba nyavu zitamaliza kundi la ndege mamilioni likishuka kwenye mtama, hazimalizi, ila najiuliza katika oda zote za kwelea nyavu zilishawahi kupewa hata robo ya nafasi. Mada ya siku nyingine hii, inahitaji kurasa zake.

Turudi kwenye hela maana najua kuna mtu anasubiri hapo. Tufanye hesabu ya kubuni. Tuseme rangi yote ya darasa la milioni 20 ni milioni moja, na tuseme, kwa kumwonea huruma mwenye kiwanda, isiyo na risasi inazidi kwa asilimia 10. Ni laki moja, nusu ya asilimia moja ya darasa. Ukiniishia hapo utaona nimeshinda. Ila zidisha kwa madarasa 15,000, inafika bilioni moja na nusu, na hiyo kwa bei ileile ni madarasa 75. Mkurugenzi wa halmashauri ambaye watoto wake wanasoma kwa zamu ana haki ya kuniuliza madarasa 75 uyatoe wapi. Jibu langu ni kwamba ile asilimia 10 inapungua yenyewe kiwanda kikishaacha kuweka laini mbili, maana gharama kubwa kwa mtengenezaji ni kubadilisha mchanganyiko na kutafuta msambazaji mwingine wa pigmenti, akishabadilisha kwa ajili ya serikali haoni faida ya kuendelea kutengeneza ile ya risasi kwa ajili ya wewe na mimi. Hapo ndo mwenye nyumba wa Mbagala anafaidi bila kujua. Na viwanda vingi vikubwa wanatengeneza isiyo na risasi tayari, wanaoumia ni wao wenyewe wanaposhindanishwa bei na yule wa uchochoroni.

Halafu kuna kitu hakigharimu hata senti, kuchagua rangi. Nani alisema nusu ya chini ya ukuta lazima iwe ya mafuta? Tunasema inafutika vizuri, sawa, ila siku hizi zipo rangi za maji zinazofutika. Nani alisema bembea lazima iwe njano kali na nyekundu? Ukiandika krimu na kijivu umeshaikwepa sehemu kubwa ya hatari kabla hujafungua kopo, maana zile kali ndo zenye historia mbaya. Watoto watalalamika kidogo.

Sasa cheti. Hapa mimi ndo nina wasiwasi zaidi kuliko kwenye hela. Nchi ambayo cheti cha kuzaliwa unakichapisha stationari, cheti cha maabara cha rangi utakitumiaje kama ushahidi? Nilishawahi kukaa kwenye kamati ya mapokezi na ukaguzi wa bidhaa, sitasema wapi. Lori lilikuja na ndoo za rangi, tulikuwa watu watatu, mmoja wa stoo, mmoja wa uhasibu na mimi. Tulihesabu ndoo. Tukagonga mifuniko kuangalia kama zimejaa. Mmoja alifungua moja akanusa akasema "ni yenyewe". Tukasaini. Ukaguzi wote umeisha hapo, dakika ishirini na soda juu. Ungetupa cheti cha maabara tungekibana na pini kwenye delivari tukaendelea na soda.

Kwa hiyo ukitaka kigezo kiwe na meno lazima kipimwe na mwingine sio aliyeuza, na lazima kifungwe kwenye malipo. Sio kila kopo. Kila toleo la kiwanda lina namba yake, chukua sampuli chache za ghafla kutoka stoo za halmashauri, peleka TBS, shirika la viwango, au kwa Mkemia Mkuu, zipo pia mashine za mkononi za eksirei ambazo unaielekeza kwenye ukuta uliokauka inakupa makadirio ya risasi papo hapo. Mkataba useme sehemu ya malipo inabaki mpaka majibu yatoke, kama tunavyobakiza hela ya mkandarasi kusubiri nyufa. Akikutwa toleo limezidi halipwi, anabandua kwa gharama yake, jina linaingia kwenye orodha ya waliofungiwa. Mzabuni akimkosea mkaguzi wa kiwango huwa anatafuta namna ya kuongea naye, ila malipo yakishazuiliwa kwenye mfumo simu zitapigwa mpaka kiwandani, na mwenye kiwanda mwenyewe ndo ataanza kumuuliza anayemletea pigmenti.

Utata unabaki kwa duka la shemeji. Yeye hanunui kwa toleo, ananunua makopo nane. Duka lile halina maabara na kiwanda hakijui kama shule ile ipo. Suluhisho ninaloliona ni orodha, mamlaka ichapishe aina za rangi na matoleo yaliyopimwa yakapita, ibandikwe ofisi ya mtendaji na kwenye simu, mwalimu anunue popote mradi jina liwe kwenye orodha. Muuzaji atakayeona walimu watatu wanatoka dukani kwake mikono mitupu atapiga simu mwenyewe kuuliza na yeye anaipataje. Orodha inaweza kuwekwa watu kwa mlungula, najua, ila orodha iliyo hadharani mshindani wa kiwanda kile ataikagua bure na kwa hasira.

Tulilinunua lile kopo la njano, kwa taarifa yenu. Tungefanyaje, profoma ilishapita kwenye kamati.

Jumamosi iliyofuata nilipita shuleni nikamkuta mjomba wangu, ambaye ni fundi rangi tangu sijazaliwa, ndo aliyepewa kazi. Alikuwa anakwangua rangi ya zamani kwenye nondo za dirisha kwa msasa mkavu, vumbi limemjaa kwenye kope, mdomoni kafunga kitambaa cha fulana. Watoto wa darasa la awali walikuwa wamekaa chini ya dirisha lilelile wanamwangalia kwa sababu Jumamosi hakuna kingine cha kuangalia. Rangi ile ya chini hakuna ajuaye ni ya mwaka gani. Nikamwambia, "Mjomba, lowanisha kwanza ndo usugue, hilo vumbi sio zuri." Akaniangalia juu ya ngazi. "Maji yako bombani kule, mita mia mbili, na kwenye karatasi yao wameandika kukwangua na kupaka. Kulowanisha nani analipa?"

Nikaenda na ndoo. BOQ shemeji alikuwa nayo ofisini, nikaiomba, nikaiangalia tena ule mstari. Kweli, imeandikwa kukwangua na kupaka.